Artemizia Tatu

Tangu nirudi kazini, wanawake wananisimamisha sokoni na kwenye mlango wa kanisa, wananiuliza nilikunywa nini. Wanaona mwili umerudi, nywele zimeota tena, na wao nyumbani wana mtu aliyelala na homa. Mara nyingi najibu kwa kifupi, maana mfuko wa samaki wa ziwani kutoka Kasenyi unanilemea mkononi na jua ni kali. Leo nimekaa, nina muda, basi nitaeleza yote. Sitaeleza kama daktari, kwa sababu mimi si daktari. Nafundisha kemia kwenye shule moja ya sekondari hapa Bunia, mashariki ya Kongo, na hata hiyo kemia nitaigusa pale tu inapobidi.

Jina langu ni Kavira. Sisi asili yetu ni Butembo. Mume wangu, Kasereka, anauza saruji na mabati, na mama yake, Mama Kyakimwa, amekaa nasi tangu baba mkwe alipofariki. Tuna binti mmoja, Neema, ambaye wakati huo alikuwa hajaanza shule ya msingi. Ni nyumba yenye amani, lakini ni nyumba yenye wanawake wawili wanaojua wanachotaka, na hilo lina uzito katika habari hii.

Mama Kyakimwa alikuwa na artemizia kando ya ua. Alipewa vipandikizi na rafiki yake wa kanisani, akavichomeka ardhini, vikashika, na baada ya miaka miwili vikawa kichaka kinachonifika kifuani, chenye majani ya kijivu yaliyochanika vipande vyembamba. Ukipita ukayagusa kwa nguo, unanukia mpaka jioni. Aliyakausha kwenye mkeka kivulini na kuwagawia majirani bure. Mtaa wote ulimjua kwa majani yake. Mtu akipata homa, walikuwa wanamtuma mtoto kwetu kabla ya kufikiria kitu kingine.

Homa yangu ilikuja na mvua za Septemba. Ilianza kama malaria zote nilizowahi kupata: baridi kwenye mifupa, kichwa kizito, mate machungu. Mama Kyakimwa alichemsha majani, akaketi kando ya kitanda mpaka nimalize kikombe.

"Kunywa yote, mutoto yangu," aliniambia. "Hii buchungu ndiyo inauwa bidudu."

Nilikunywa. Nikatoka jasho, homa ikashuka, kesho yake nikaenda kufundisha. Mama alifurahi, nami nilifurahi. Jambo moja nililolielewa baadaye ni kwamba homa ya malaria hushuka na kupanda yenyewe. Inakuachia, unatoka jasho, unaomba chakula, halafu inarudi. Kama ulichokuwa unakunywa ni maji ya moto tu, utasema maji ya moto yamekuponya. Mimi nilisema ni chai.

Ilirudi. Nikanywa tena, ikashuka tena. Mara ya tatu haikushuka vizuri. Macho yalianza kuwa ya manjano na mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi. Nilimwambia Kasereka kwamba jioni ile, nikitoka shuleni, nitapita kupimwa. Sikufika jioni. Nilikuwa mbele ya darasa la tano la sekondari, nikiandika ubaoni, nikawageukia wanafunzi na kuwaita kwa majina ya watoto niliosoma nao Butembo nikiwa mdogo. Hayo niliambiwa. Ninachokumbuka mwenyewe ni ubao unaosogea mbali, na harufu ya chaki, na sauti ya mwalimu mwenzangu akiomba gari.

Hospitali walinipima damu na kusema malaria imekuwa kali, imepanda kichwani na kugusa figo. Waliniwekea serumu, yale maji ya kuingia mshipani, wakaanza kunichoma sindano za mshipa. Siku zile za kwanza sina kumbukumbu iliyonyooka. Nakumbuka dari lenye doa la maji lililofanana na ramani. Nakumbuka dada yangu Masika akinifuta midomo kwa kitambaa kibichi, na kwamba nilichukia mkono wake na kuutafuta uliponiacha. Nakumbuka kiu. Kasereka anasema nilimwomba maji kwa Kinande, lugha yetu ya Butembo, kisha kwa Kifaransa kile cha darasani, kisha nikamkaripia kwa nini hajibu swali.

Halafu asubuhi moja niliamka na kujua kwamba ni asubuhi. Mama aliyekuwa kitanda cha pili alikuwa anakula uji, na mimi nikautamani ule uji. Daktari, kijana mpole mwenye asili ya Kisangani, alikuja akaniuliza jina langu, mji nilio ndani yake na kazi yangu. Nilipojibu "kemia", alitabasamu, akanigeuzia kichupa cha dawa nione jina lake. Mama Kyakimwa alikuwa amekaa pale miguuni pangu. Daktari akamgeukia akamweleza dawa ile inatolewa wapi na inavyohusiana na mmea wa uani kwetu, kwa sababu alishasikia habari za chai yetu.

"Mama, hii dawa banaitosha mu majani," alisema. "Ni mumea wa jamaa moja na ile yenu ya ku lupango."

Mama mkwe akawaangalia watu wote wa chumba kile, wagonjwa na wanaowalinda. "Munasikia?" akasema. "Majani yangu iko ndani ya ile chupa."

Alilisema kwa furaha iliyo safi kabisa, na mimi sikuwa na nguvu ya kuuliza maswali. Masika ndiye aliyemjibu. Dada yangu hajawahi kuacha neno likapita. Alisema polepole, huku akikunja shuka:

"Mama, kama angebakia ku nyumba na majani yako, leo tungekuwa ku matanga."

Kuanzia hapo wale wawili hawakusemezana. Nyuma ya hospitali kuna uwanja ambako familia za wagonjwa hupika, na pale kila mmoja aliwasha moto wake. Mama Kyakimwa alileta uji wa mtama na maharagwe laini. Masika alileta supu ya samaki na ndizi. Vyombo viwili vilifika kitandani kwangu saa ile ile, na wenyewe wakisimama kila mmoja upande wake. Nilikula kijiko huku, kijiko kule. Kasereka alikuwa akifika kutoka dukani na vumbi la saruji kwenye nyusi, anaona hali, anaenda kusimama dirishani. Aliwahi kuniambia kwamba kuuza mabati wakati wa mvua ya mawe ni kazi rahisi kuliko kusimama kati ya wale wanawake. Nilicheka, na ile ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu niugue, mbavu ziliniuma.

Niliruhusiwa kurudi nyumbani na vidonge vya kumalizia. Daktari alisisitiza jambo moja: nirudi kila juma kupimwa wingi wa damu, kwa mwezi mzima, hata nikijiona mzima. Nilikwenda juma la kwanza, damu ikawa sawa. Nyumbani watu walikuja kushukuru Mungu, wakaimba sebuleni. Mvua ilikuwa bado inanyesha karibu kila alasiri, na barabara ya kwetu ilikuwa tope jekundu. Nilianza kufikiria masomo yaliyoachwa nyuma.

Juma la pili, asubuhi, nilitoka kitandani kwenda kumvalisha Neema soksi, nikashindwa kunyanyuka kutoka pale nilipochuchumaa. Moyo ulikuwa unapiga kama mtu aliyekimbia. Viganja vyangu vilikuwa vyeupe, na mkojo ulikuwa mweusi kuliko mwanzo. Homa haikuwepo hata kidogo. Hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu homa nilishaizoea, lakini hii sikuijua.

Wanaosoma haya na wametoka hospitali kwa sindano zile, naomba msiruke hapa. Kasereka alinirudisha hospitali, na kwenye benchi la kusubiri majibu nilikaa nimeegemea bega lake, na kila aliyepita aliniangalia kisha akaangalia pembeni. Walipima: malaria haikuwepo, ila damu ilikuwa imeshuka vibaya. Daktari alieleza kwa maneno machache. Dawa iliwaua wadudu wakiwa ndani ya chembe za damu, na chembe zile zilibaki zikizunguka mwilini zikiwa na kasoro. Sasa zilikuwa zinakufa kwa pamoja. Alisema haitokei kwa wengi, kwamba inapita, na kwamba ndiyo sababu alitaka nirudi kila juma. Lakini mimi nilihitaji kuongezwa damu, tena siku ile ile.

Mama Kyakimwa aliposikia kwamba dawa imehusika, alisimama. Alisema sindano imeharibu damu yangu, kwamba majani yenyewe hayajawahi kumfanyia mtu hivyo, na kwamba turudi nyumbani apike chai na watu wa kikundi cha maombi waje. Masika alisema kama nitatolewa pale, basi watanitoa yeye akiwa amelala mlangoni. Wote wawili wakamwangalia Kasereka. Maskini, alikuwa ameshika viatu vyangu mkononi, kwa sababu miguu ilikuwa imenivimba.

Mimi ndiye niliyesema. Sauti yangu ilikuwa ndogo, ikabidi wainame. Nilimwambia mama mkwe kwamba najua ananipenda, na kwamba nabaki. Nikamwomba asiende nyumbani, akae nami pale. Alikaa. Aliniwekea mkono kichwani na hakuutoa.

Shida ikawa damu yenyewe. Akiba ya hospitali haikuwa na ya kundi langu. Kasereka alipimwa, haikulingana. Masika alikuwa na ujauzito mchanga ambao hata mimi nilikuwa sijaambiwa; aliusema pale, mbele ya muuguzi, na ndivyo Mama Kyakimwa alivyojua vilevile. Kasereka alianza kupiga simu kwa walimu wenzangu na kwa watu wa duka, na mvua ikawa imefunga barabara, kila mtu anasema anakuja.

Kwenye benchi lile kulikuwa na mama mmoja aliyetoka Bule, huko vijijini. Alikuwa anaitwa Mama Ngave. Alikimbia vita na watoto wake, akawa anaishi kambini, na binti yake alikuwa amelazwa kwa kuvunjika mguu. Tulikuwa tumesalimiana tu. Alikuwa amesikia kila kitu, kwa kuwa benchi halina siri. Akamwita muuguzi.

"Mimi niko na damu ya kundi O, walishaipima," alisema. "Munitoe yangu."

Muuguzi alimwangalia jinsi alivyokonda, akamuuliza kama amekula. Akasema amekula. Walimpima uzito na damu, wakakuta anafaa. Hakuuliza mimi ni mtu wa kabila gani. Katika mji huu, katika miaka hii ya vita vya makabila, kila aliyekuwa kwenye benchi lile aliliona hilo, na hakuna aliyelitaja. Nilikuwa nimelala nikitazama mfuko ule mwekundu ukidondoka tone kwa tone kwenye mkono wangu, na kabla haujafika nusu nilianza kuhisi joto kwenye vidole vya miguu.

Kasereka alimfuata kumshukuru, akamuuliza ampe nini. Alidhani atasema kitu kikubwa. Mama Ngave alifikiri, akasema:

"Kama muko na sabuni inabakia, munipatie. Nguo ya mutoto yangu iko chafu."

Mama Kyakimwa alisikia. Alitoka akaenda mahali pa kupikia, akachukua sabuni yake, akachukua nguo za yule binti, akazifua mwenyewe. Alipomaliza alizianika kwenye kamba, akarudi na sahani ya maharagwe. Masika alikuwa amekaa kwenye kizingiti, kichefuchefu kimemshika. Mama mkwe alimgawia kwanza, kisha Mama Ngave. Wakala wote watatu pamoja. Tangu siku ile moto ukawa mmoja.

Niliongezewa damu tena siku iliyofuata, kutoka kwa mwalimu wa hesabu aliyefika akiwa amelowa mpaka kwenye soksi. Baada ya hapo damu ilisimama. Kila juma ilipanda kidogo. Mvua ziliisha, jua la Desemba likakausha barabara, upepo ukaleta vumbi mpaka kwenye unga. Nilikuwa natembea kutoka mlangoni hadi getini, kisha hadi kwa jirani, kisha hadi kanisani nikipumzika njiani. Katika kiangazi kile ndipo nywele zilipoanza kunyonyoka. Nilikuwa nachana, zinabaki zote kwenye kichanio. Nililia kuhusu nywele kuliko nilivyolia kuhusu damu. Daktari alisema mwili uliopita kwenye hatari huacha nywele kwanza, na kwamba zitarudi. Mama Kyakimwa alinifunga kilemba kila asubuhi, akinisifia kwamba kichwa changu kina umbo zuri. Zilirudi, laini kama za mtoto. Yeyote anayepitia hili aamini hivyo.

Nilipopata nguvu ya kupanda pikipiki, nilikata tawi la artemizia ya nyumbani nikalipeleka kwa Justin. Tulisoma naye chuo, sasa anafundisha biolojia ya mimea hapa mjini. Nilitaka kujua jambo moja tu: kama sindano imetoka kwenye majani haya, kwa nini majani yenyewe hayakunisaidia.

Justin alilisugua jani, akanusa, akaenda kabatini. Alinirudia na mimea miwili iliyokaushwa. Mmoja ulikuwa wa kijani, wenye majani laini kama ya karoti. Huo huota kwa mbegu, hukua, hutoa maua na kufa ndani ya mwaka mmoja. Huo ndio unaolimwa kwa ajili ya dawa ya malaria. Wetu wa kijivu, ambao huishi miaka na hushika kwa kipandikizi, ni ndugu yake. Kusini mwa Afrika wanautumia kwa kikohozi na mafua. Dawa ile ya malaria haimo ndani yake, au imo kidogo mno isiyo na faida. Wa tatu ulikuwa kikonyo kifupi, chenye vijani vidogo vyeupe kama vumbi: artemizia ya jangwani, ambayo mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa mjini Mongbwalu alirudi nayo kutoka Hija. Waarabu wa jangwani huiita shihi, wanainywa kwa tumbo na minyoo. Harufu yake ilikuwa kali kuliko zote, ikafungua pua yangu mpaka kichwani. Nayo haina dawa ya malaria, na mafuta yanayoipa harufu ile, yakizidi, yanaweza kudhuru.

"Zote zinaitwa artemizia," Justin alisema, "lakini kila moja iko na mambo yake."

Nilirudi shuleni kwa muhula wa mvua za kwanza, na somo langu la kwanza lilikuwa hilo. Justin alinipa majani ya ule wa kijani. Mafungu mawili: moja kwenye maji ya moto, jingine kwenye alkoholi. Maji yalipata rangi ya chai. Alkoholi ikawa kijani kizito, ikivuta kutoka kwenye majani vitu ambavyo maji yaliviacha. Niliwaeleza wanafunzi kwamba dawa ile haipendani na maji, na moto mwingi huiharibu, na mmea wa shamba hili unaweza kuwa nayo nyingi wakati wa shamba lile unayo kidogo. Kwa hiyo hata ukiwa na mmea ulio sahihi, kikombe hakikuambii umemeza kiasi gani. Kiwandani huitoa, huipima, huibadilisha ili iingie kwenye damu. Na uchungu ule uliokuwa unanikunja uso ulitoka kwa vitu vingine kabisa.

Kumwambia Mama Kyakimwa kulikuwa kugumu kuliko kufundisha darasa. Nilingoja tukiwa wawili, tunachambua sombe, majani ya muhogo. Nilimweleza habari za mimea mitatu, bila haraka, nikamwekea mkononi kile kikonyo cha jangwani, nilichoazima kwa Justin, anuse. Alinusa kwa muda mrefu.

"Basi nilikuwa nabanywesha watu jina tu," alisema.

Nilimwambia kwamba kwa kikohozi majani yake yana heshima yake, na kwamba mtaa mzima ulikosea pamoja naye, na mimi mwenye diploma nikiwemo. Aliendelea kuchambua. Jumapili iliyofuata alipita kwa majirani wake, nyumba kwa nyumba, na sikumuuliza alisema nini huko.

Septemba ilifika tena. Mvua ilinyesha wiki nzima, na siku moja nilirudi kutoka shuleni nikakuta nyumba imefungwa. Jirani aliniambia Neema alikuwa amerudi kutoka shule akitetemeka, na bibi yake alikuwa amemfunga mgongoni kwa kitenge na kupanda pikipiki. Nilikimbia mpaka kituo cha afya cha mtaa, na kwa mara ya kwanza tangu niugue nilikimbia bila kusimama.

Walikuwa kwenye benchi. Mtoto alikuwa amelala mapajani, kidole chake kina pamba. Wameshampima, ilikuwa malaria, imeshikwa mapema, vidonge vya kwanza alikuwa ameshameza na hakuvitapika. Nilimgusa paji la uso. Mama Kyakimwa alisogea ili nikae.

"Muganga wa hapa ku kituo aliniuliza kama mutoto alikunywa kitu ku nyumba," aliniambia. "Nikamujibu: maji tu."